Maswali Yenu: Data Ikivuka Mpaka Inafuata Sheria ya Nani?

Mwezi huu barua karibu zote zimegusa jambo moja: data za watu na hizi teknolojia mpya, yaani AI (akili bandia), apu za afya, mashine za kuskani macho, na sheria ambazo kila nchi inatunga ya kwake. Nimechukua sita. Zingine nimezifupisha maana zilikuwa ndefu, na majina nimeyatoa yote.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dibelopa, tuko watatu, tunatengeneza apu ya kuwakumbusha watu kumeza dawa. Watumiaji wetu wametapakaa nchi nyingi, mpaka Ulaya wapo kadhaa ambao hata hatukuwatafuta, walijisajili wenyewe. Sasa tufuate sheria ya nchi gani? Mwanasheria tuliyemfuata katutajia bei ambayo hatuna hata nusu yake.

Pole na hongera kwa pamoja, maana wengi wanaanza kujiuliza hili siku wameshapigwa barua.

Kwanza Ulaya, kwasababu ndo inayowatisha watu zaidi. Sheria yao, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, haiangalii ofisi yako iko wapi, inaangalia unamhudumia nani. Apu yako kuweza kufunguka tu huko haitoshi kukuingiza, lakini ukiweka lugha zao, ukapokea malipo kwa euro, au ukaanza kufuatilia mienendo ya watu walioko kule, tayari umeingia hata kama wewe mwenyewe hujawahi kukanyaga. Na data za afya wameziweka kwenye kundi la data nyeti, zinataka ulinzi wa juu kuliko barua pepe ya kawaida. Kenya nao kwenye sheria yao ya 2019 afya ni data nyeti, Tanzania pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, kwahiyo kwa apu ya dawa hamna pa kukimbilia, popote mtakapogeuka ni nyeti.

Sasa habari njema, ambayo mwanasheria wenu angepaswa kuwaambia kabla ya bei: mifupa ya hizi sheria inafanana sana. Sema unakusanya nini na kwa kazi gani, usichukue zaidi ya hiyo kazi, linda ulichonacho, mtu akitaka kuona au kusahihisha au kufuta mpe nafasi, na vikivuja toa taarifa. Hata saa zinafanana, Ulaya umepewa saa 72 kumwambia mdhibiti, yaani ofisi inayosimamia sheria ya data, Kenya vilevile saa 72. Ukijenga apu juu ya hiyo mifupa, zinazobaki ni tofauti za nchi kwa nchi, na hizo ndo unamlipa mwanasheria kwa saa mbili badala ya mwezi mzima.

Ntakupa kitu nilichokiona kwa macho. Niliwahi kukaa na timu moja ndogo kama yenu, tukaimulika fomu yao ya usajili ukutani kwa projekta, halafu tukaenda kisanduku kimoja kimoja, kila kimoja swali ni lilelile: hiki cha nini? Vilikuwa 31. Jina, sawa. Namba ya simu, sawa, ndo inayopokea ujumbe. Hali ya ndoa? Kimya. Namba ya kitambulisho? Mmoja akasema labda baadaye tutaihitaji. Tulipofika "jina la mama mzazi" ikabidi watazamane, hakuna aliyejua nani alikiweka, mwishowe ikagundulika fomu nzima ilinakiliwa kutoka kwenye mradi mwingine. Tulitoka na visanduku 12. Miezi kadhaa baadaye laptopu ya mmoja wao ikaibiwa ikiwa na nakala ya data, na ile barua waliyowaandikia watumiaji ilikuwa fupi, kwasababu cha kuibiwa kilikuwa kidogo. Mi tangu siku ile hakuna ushauri mwingine ninaoanza nao.

SWALI: Ndugu mwandishi mimi sikubaliani na nyie mnaosifia sheria za data kila siku. Marekani hawana sheria moja ya taifa zima na ndo wanaongoza AI, Ulaya wana GDPR na kazi yao imebaki kutoza faini. Hizi sheria si ndo zinaua ubunifu?

Hoja yako nzito na sitaizungusha. Gharama ipo. Kuna utafiti wa wanauchumi uliotoka 2022, walichambua zaidi ya apu milioni 4 kwenye duka la Google, wakaona GDPR ilipoanza karibu theluthi moja ya apu ziliondoka sokoni, na apu mpya zinazoingia zikapungua kwa kama nusu. Hilo siyo jambo dogo, humo ndani bila shaka kulikuwa na takataka za kunyonya data za watu ila kulikuwa pia na vitu vizuri ambavyo hatutaviona tena.

Lakini hiyo picha ya Marekani hapana, siyo kwamba hakuna sheria, zimetawanyika tu. Illinois wana sheria ya data za mwili tangu 2008, na kwa sheria hiyohiyo Facebook walikubali kulipa dola milioni 650 kumaliza kesi ya kutambua sura za watu kwenye picha. California ya kwao ilianza Januari 2020. Alafu kuna tume yao ya biashara, FTC, mwaka 2021 iliibana kampuni ya apu ya picha iitwayo Everalbum, ikaamriwa kufuta picha na pia kufuta modeli, yaani ile programu ya AI yenyewe, zilizofundishwa kwa zile picha. Modeli yenyewe! Mtu yeyote anayejenga AI akiisoma hiyo anatakiwa asimame kidogo, maana ina maana kazi yako ya miaka inaweza kufutwa kwasababu ya jinsi ulivyopata malighafi siku ya kwanza. Na Marekani kuongoza AI kuna mtaji mkubwa, chipu, vyuo, na soko moja la lugha moja, huwezi kubeba yote hayo ukayaweka kwenye mzani wa sheria ya faragha peke yake.

Kinachoua kampuni changa kwa mtazamo wangu siyo sheria kuwa kali, ni kutojua mdhibiti ataisoma vipi. Kampuni kubwa ina jengo la wanasheria, inasubiri. Wewe una miezi sita ya hela. Ndo maana mi napenda sana zile sehemu za majaribio, ambapo mdhibiti anakaa na mbunifu kabla bidhaa haijatoka, wanaangalia pamoja hapa sawa hapa si sawa. Uingereza mdhibiti wao wa data alianza nayo 2019, Norway wakafuata wakaielekeza kwenye AI, na sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza rasmi tarehe 1 Agosti 2024, imezitaka nchi wanachama ziwe na sehemu hizo. Nchi zetu zingeanza na hili kabla ya kuanza na faini ningefurahi mno.

Na ubunifu mwingine umezaliwa na hukohuko kubanwa. Chukua kibodi ya simu inayojifunza maneno unayopenda kuandika. Njia ya zamani ilikuwa kila unachoandika kinasafirishwa kwenda seva kuu. Mwaka 2017 Google walieleza njia nyingine kwenye kibodi yao: modeli ndo inakuja kwenye simu yako, inajifunza humohumo, halafu kinachorudi ni marekebisho tu ya hesabu, yanachanganywa na ya watu wengine wengi, maneno yako hayatoki. Mtu aliyeambiwa "chukua chochote unachotaka" asingehangaika kufikiria hivyo.

SWALI: Tuna data za wagonjwa tunataka tuwape watafiti wa AI. Majina tumeyafuta yote. Tuko salama?

Hapana. Mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kujulikana ni nani kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Na miaka ya 90 alishaipata rekodi ya hospitali ya gavana wa Massachusetts, William Weld, ndani ya data ambazo zilitolewa kama zimeshaondolewa majina, alichofanya ni kulinganisha na daftari la wapiga kura. Kwahiyo angalieni vilivyobaki, siyo mlivyofuta. Tarehe kamili igeuzeni mwaka, eneo lipanueni, na ugonjwa adimu ambao wako watu watatu tu kwenye data nzima uondoeni kabisa. Na kwa sheria nyingi, data ambayo mtu bado anaweza kutambulika ni data binafsi tu, hata ungeipa jina gani.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Rafiki yangu alikubali kuskaniwa jicho akapewa sarafu za kidijitali, akauza, akapata hela yake. Anasema alibonyeza "nakubali" kwa hiari, ni mwili wake, serikali inamwingiliaje? Mi nilikosa jibu.

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo majaji wamelikalia, kwahiyo usione vibaya kukosa jibu.

Nadhani unaizungumzia Worldcoin au kitu kama hicho. Ilipozinduliwa Julai 2023 watu Nairobi walipanga foleni ndefu, na mwanzoni mwa Agosti serikali ya Kenya ikaisimamisha. Ikaenda mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data za miili ya watu zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa kamishna wa data, kwasababu tathmini ya athari, yaani kupima kwanza madhara gani yanaweza kuwapata watu, haikufanyika inavyotakiwa kabla ya kuanza na ridhaa yenyewe ilipatikana kwa kuwavutia watu na zawadi. Na Kenya hawakuwa peke yao. Hispania waliisimamisha Machi 2024, Ureno mwezi huohuo, Hong Kong Mei 2024, na Brazili Januari 2025 wakasema hivi: kulipa watu ili watoe jicho, hapana. Nchi zenye mila tofauti, uchumi tofauti, sheria zilizoandikwa na watu wasiojuana, zikasimama karibu na palepale.

Kwanini? Ridhaa ili iwe ridhaa lazima iwe na uwezo wa kusema hapana bila kuumia. Mtu ana njaa ya leo, unamwekea hela mezani, unamwambia kwa hiari yako, hiyo hiari ina nini ndani? Na ridhaa inataka ujue unakubali nini. Muulize rafiki yako, kwa upole kabisa, ile data imehifadhiwa nchi gani, nani anaweza kuiona, akibadili mawazo anamwandikia nani. Kama hajui hata kimoja basi alichobonyeza ni kitufe tu.

Kuna la tatu, na hili ndo linaniumiza mimi. Nywila ikiibiwa unabadilisha, kadi ya benki unafunga unapewa nyingine. Jicho je? Alama za vidole je? Ukishazitoa umezitoa, utazeeka nazo. Ndo maana kwenye data za mwili mi siko upande wa "tujaribu kwanza tutarekebisha mbele", kwenye mambo mengine niko tayari kujadiliana, hapo hapana.

Ila kumtendea haki rafiki yako: yuko sahihi kwamba ni mwili wake. Na serikali hazistahili kusamehewa kirahisi, maana nazo zinakusanya vidole vyetu bila kutuuliza sana. Kenya hiyohiyo, Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho chao cha kidijitali, haukuwa halali kwakuwa ilianzishwa bila kufanya ile tathmini ya athari kwanza. Kipimo ni kilekile kwa kampuni na kwa wizara, na hapo ndo nilipoanza kuiamini hii sheria.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka yote nimekuwa naweka picha zao mtandaoni. Sasa nasikia AI inafundishwa kwa picha za watu. Naweza kuzitoa?

Dada yangu, nakujibu kwa sehemu mbili, ile unayoweza na ile usiyoweza, na naomba ya pili isikuvunje moyo.

Picha zilizoko kwenye akaunti yako unaweza kuzifuta, na nakushauri uanze leo na zile zenye sare ya shule, jina la shule, au mahali mnapoishi. Kwenye mipangilio ya faragha ya akaunti tafuta kama kuna sehemu ya kupinga data zako kutumika kufundisha AI. Hapa ndo utaona nchi unayoishi inavyobadilisha mambo. Meta, wenye Facebook, walipotaka kutumia posti za watu wa Ulaya kufundisha AI, walisimama Juni 2024 baada ya wadhibiti kuwabana, wakarudi Mei 2025 wakiwa wamewapa watu fomu ya kukataa. Brazili mdhibiti wao aliwasimamisha Julai 2024 mpaka wakaweka masharti. Italia iliizuia ChatGPT mwishoni mwa Machi 2023, na mwishoni mwa Aprili ikarudi ikiwa na njia ya kupinga data zako kutumika na maelezo yanayosomeka, haukupita hata mwezi, kwahiyo mtu asikwambie haiwezekani kitaalamu. Inawezekana pale penye mdhibiti mwenye meno.

Usiyoweza ni kutoa kilichokwisha kuchotwa na kuingia ndani ya modeli. Picha haikai mle kama kwenye albamu ukanyoosha mkono ukaitoa, imeshageuka kuwa mabilioni ya namba zilizochanganyika na za wengine. Na wako wanaochota bila kuuliza kabisa. Clearview AI walikusanya mabilioni ya picha za sura za watu mitandaoni wakatengeneza mashine ya kutafuta mtu kwa sura yake. Mwaka 2022 Italia, Ugiriki na Ufaransa kila mmoja akawatoza euro milioni 20, Uholanzi 2024 wakaongeza milioni 30.5. Kampuni iko Marekani, haina ofisi Ulaya, inasema sheria hizo haziihusu. Kuandika faini ni kazi moja, kuikusanya nje ya mpaka ni kazi nyingine kabisa, na hapo kwa sasa hakuna nchi yenye jibu kamili.

Watoto wakishajua kusoma, waulize kabla ya kuweka picha nyingine. Ni sura zao.

SWALI: Nasoma sheria mwaka wa tatu. Kwanini nchi nyingi sasa zinataka data zikae ndani ya nchi, na hilo si ndo linazuia kampuni changa za Afrika kukua nje ya mipaka?

Yote mawili ni kweli, na ndo ugumu wake.

Sababu ya nchi kutaka data nyumbani unaielewa ukisoma ile safari ya Max Schrems wa Austria. Alianza akiwa mwanafunzi wa sheria kama wewe, 2013 baada ya Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi za ujasusi wa Marekani, kufichua upelelezi wa nchi hiyo akapeleka malalamiko kwamba data zake za Facebook zinavuka kwenda kule bila ulinzi. Mahakama ya Ulaya ikafuta makubaliano ya kwanza ya Ulaya na Marekani ya kuvusha data 2015, wakaandika mengine, ikayafuta tena Julai 2020, sasa wako na ya tatu ya Julai 2023. Katikati ya hayo Meta wakapigwa faini ya euro bilioni 1.2 Mei 2023 kwa kuhamisha data. Maelfu ya kampuni ndogo zilizotumia makubaliano yaleyale kwa nia njema ziliamka asubuhi hazina karatasi halali. Hilo la mwisho watu hawalizungumzi na mi naliona ni kubwa.

Kwahiyo nchi inajisemea, kuliko kubishana, data zikae hapa. Rwanda sheria yao ya 2021 inataka hivyo mpaka upate kibali cha kuhifadhi nje. Urusi wameanza 2015, na LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, wakafungiwa huko 2016. Lakini angalia kwa karibu, data kukaa ndani ya nchi hakumzuii mpelelezi wa ndani, na seva iliyolindwa vibaya hailindwi na bendera. Na kampuni changa yenye watumiaji nchi tano haiwezi kuweka seva tano, itakufa au itauzwa kwa kubwa inayoweza. Mi ningependa kuona masharti ya ulinzi yanayosafiri na data kuliko ukuta.

Afrika njia ipo kwenye karatasi. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika ulipitishwa Juni 2014, ulihitaji nchi 15 kuuridhia, ukaanza kufanya kazi Juni 2023. Miaka tisa! Katika hiyo miaka tisa nchi nyingi zilishajitungia zao, na zinatofautiana kwenye maneno madogo yenye uzito. Soma kipengele cha faini: Ulaya ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya dunia nzima, ile iliyo *kubwa*. Kenya ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo *ndogo*. Kwa kampuni ya dunia nzima milioni 5 ni matumizi ya kawaida, haitashtuka, wakati startapu ya vijana watatu, hata hiyo asilimia 1 wataisikia.

Kama bado unatafuta mada ya tasnifu, chukua sheria za nchi tano za Afrika, ziweke pembeni kwa pembeni kwenye vitu viwili tu, masharti ya kuhamisha data na kipengele cha faini, uone ni wapi zinaweza kutambuana bila bunge kurudi kuandika upya. Ukimaliza nitumie nakala, nataka kuisoma.